"Nchi" Ina Silabi Mbili

Ujumbe uliingia saa tano na nusu usiku. Upepo wa Julai ulikuwa unapiga mabati ya Makole, hapa Dodoma, kama mtu anayetafuta msumari uliolegea, nami nilikuwa nimejifunika blanketi mbili, kinanda mapajani, spika nimeiziba kwa mto ili wapangaji wenzangu walale. Namba ilianza na +243. Kongo hiyo.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Wimbo ni muzuri sana. Lakini pale kwenye 'nchi' mumetupatia nota moja. Sisi huku Bukavu tunaimba mbili."

Niliudhika kidogo, sitaficha. Wimbo wenyewe ulikuwa wa matoleo, nilioutunga kwa ajili ya kwaya yetu na kuurusha kwenye grupu la watunzi majuma mawili kabla. Kiitikio chake kinaanza hivi: *Tumelima nchi kavu, twaleta tulichopata.* Anayeifahamu Dodoma haulizi nchi kavu ni ipi. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, zikiamua kuja, na kikapu kinachopelekwa altareni mwezi wa saba huwa na uwele, karanga, zabibu kama msimu umekubali, na pengine kuku mmoja anayelalamika Misa nzima.

Nikafungua nota zangu nihakikishe. Kweli: *tu-me-li-ma-nchi-ka-vu*. Nota saba. Nikahesabu maneno kwa vidole kama tulivyofundishwa kuhesabu mizani shuleni: *tu-me-li-ma-n-chi-ka-vu*. Nane. Upande wa pili, *twa-le-ta-tu-li-cho-pa-ta*, nane vilevile. Nilipoandika maneno nilikuwa mshairi nikahesabu nane kwa nane. Niliposhika kinanda nikawa mwanamuziki nikaandika saba, na wala sikusikia kwamba moja imepotea njiani.

Ambao hawatungi watauliza, nota moja ina uzito gani? Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. *Nchi* ina silabi mbili, *n* na *chi*, kwa hiyo mkazo unaiangukia hiyo *n* yenyewe, konsonanti inayoimbwa puani mdomo ukiwa haujafunguka sawasawa. *Mtu* ni hivyohivyo. Ukimpa mwimbaji nota moja kwa silabi mbili, anaimeza ile yenye mkazo na kubaki na mkia wa neno. Muziki ukiwekewa mkazo pasipo pake, lugha inaumia, na mara nyingine maana inahama. Tamka *barabara* ukikaza *ba* ya pili, ni njia inayopita magari. Kaza *ra* ya kwanza, umesema "sawasawa kabisa". Nimewahi kusikia kwaya kubwa, yenye sare nzuri na vinanda viwili, ikimwimbia Mungu kwamba njia zake ni za lami.

Ndiyo sababu mimi huanza na maneno. Tuni ikinijia bila maneno siiamini. Nyingi hugeuka kuwa za mtu mwingine, nilizisikia kwenye daladala nikazisahau zilikotoka. Maneno nayasema kwa sauti kwanza, nikitembea kutoka Kituo cha Afya Makole kuelekea nyumbani, mpaka yaanze kupanda na kushuka yenyewe. Nayarekodi kwenye simu. Katika rekodi hizo utasikia honi za bajaji, mtu anauza karanga, na mimi nikinong'ona kama mwenda wazimu. Kinanda kinakuja usiku: sauti ya kwanza inapata tuni, ya nne inapata msingi, kisha kazi ngumu ya katikati, ya pili na ya tatu, ambazo watunzi wavivu huzijaza kwa mabaki. Nakiri nimeshawahi kuwa mvivu. Waimbaji wa sauti ya pili wanajua. Hukaa kimya mazoezini wakinitazama kwa macho ya "umetupa tena nota moja mistari minne".

Nota zetu nyingi tunaziandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na vipande vya mistari kuonyesha mapigo. Mfumo huu ulianzia kwa mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ukaboreshwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaubeba hadi huku kwa sababu ulikuwa rahisi kufundisha na ungeweza kupigwa kwa taipureta ya kawaida. Curwen hakuwaza simu. Lakini ile sifa ya taipureta ndiyo inayofanya leo mtu wa Kigoma anitumie masahihisho ya kipimo cha tatu ndani ya ujumbe wa kawaida, bila picha wala programu yoyote: "jaribu s : l . s | m". Naisoma nikiwa kwenye foleni ya kununua luku.

Kwamba kuna watunzi wengi kiasi hiki wa nyimbo za Misa kwa Kiswahili ni matunda ya tarehe moja. Mnamo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia, ukafungua mlango kwa lugha za watu na kutaka muziki wa mataifa upewe heshima yake. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Yaani Mtanganyika alikuwa ameshaliwaza jambo hilo hati ikiwa bado mezani. Baada ya hapo kila parokia ilihitaji nyimbo mpya, na walimu wa shule za msingi wenye kujua nota waligeuka kuwa watunzi.

Nyimbo zao zilisafiri kwa fotokopi. Mtu alikwenda semina ya kwaya Morogoro au Tabora akarudi na karatasi, ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa, hadi herufi zikawa vumbi na besi wakawa wanakisia kama ile ni *d* au *l*. Jina la mtunzi huandikwa pembeni juu, na pembeni juu ndipo mashine ya fotokopi hupenda kukata. Nimeimba nyimbo kwa miaka kumi nikidhani ni za "Hajulikani", kumbe mwenyewe yupo, ana wajukuu, na hajawahi kupata hata soda kwa kazi ile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha taasisi ya hakimiliki, COSOTA, inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fotokopi ilikuwa haijaisoma.

Leo karatasi zile zimehamia kwenye hazina ya mtandaoni ya Swahili Music Notes, ambako nyimbo kwa maelfu zimepangwa kwa matumizi yake: mwanzo, matoleo, komunio, shukrani, na Dominika gani ya mwaka. Jina la mtunzi limo, na wala halikatwi. Chini yake kuna hesabu mbili ambazo kila mtunzi anazijua kwa moyo kama namba yake ya simu: umepakuliwa mara ngapi, umetazamwa mara ngapi. Unaweza kumtambua mtunzi aliyepakia wimbo jana kwa namna anavyochomoa simu mfukoni kila dakika mbili. Wimbo wangu wa matoleo, nilipoangalia usiku ule, ulikuwa umepakuliwa mara 41. Nilifurahi, kisha nikajiuliza kati ya hao 41 wangapi ni mimi.

Hesabu haisemi wimbo umeimbwa. Haisemi wapi waimbaji walicheka, wapi teno walishindwa kufika, wala kama kuna mzee aliyefuta jicho. Kwa hayo kuna grupu. La kwetu lina walimu wa kwaya, wapiga vinanda, mafrateri wawili watatu na watu ambao sijawahi kuwaona uso, kutoka Mwanza hadi Mombasa na sasa Bukavu. Asubuhi hufunguliwa kwa "Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa" na msururu wa "Milele amina", halafu ndipo visu vinapochomolewa.

Wenye umri wangu hawaoni jambo hili kuwa geni sana. Tulikulia kwenye salamu za redio. Mtu wa Kondoa alinunua kadi, akaandika majina ya watu kumi na tano, nusu yao hawajawahi kuonana, akaituma Redio Tanzania, na baada ya majuma kadhaa jina lake likatajwa kabla ya wimbo. Wagonjwa walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole. Kulikuwa na watu maarufu nchi nzima kwa kusalimia tu. Walifahamiana kwa majina, wakaanza kutembeleana, wengine nasikia wakaoana. Lakini ilikuwa jumuiya ya wasikilizaji: mwanamuziki mwenyewe hakusikia chochote. Wimbo ulikwenda, salamu zikapita juu yake, yeye akabaki bendi akingoja mshahara. Grupu la leo linamrudishia mtunzi maneno, na maneno yanauma.

Ugomvi wangu mkubwa ulikuwa wa mwaka juzi. Nilirusha wimbo ambao sauti ya kwanza na ya pili zilikwenda zimeshikana mikono, kila moja ikipanda mwenzake anapanda, umbali wa nota tano usiobadilika. Dakika kumi hazikupita, mwalimu mmoja wa Kanda ya Ziwa akauzungushia wimbo wangu duara jekundu: "Tano sambamba! Mtumishi, hili kosa la darasa la kwanza." Wakamfuata wengine. Kwa kanuni za Ulaya walikuwa sahihi. Johann Joseph Fux alizipanga kwenye kitabu chake cha mwaka 1725, na tangu hapo wanafunzi wa harmonia dunia nzima hukatwa alama kwa tano sambamba, kwa hoja kwamba sauti zikienda hivyo zinapoteza uhuru wake na kuwa moja iliyonenepa.

Nikawajibu kwamba nimeishi Dodoma. Toka Makole, uende Chamwino au Mvumi siku ya sherehe, uwasikilize kina mama wa Kigogo wakiimba huku ngoma za muheme zimebanwa mapajani. Sauti zinakwenda zimeshikana kwa nne na kwa tano, na hazioni aibu. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, alieleza kwa nini: mpangilio wa sauti wa muziki wa Kigogo unatokana na sauti asilia za juu zinazozaliwa na uzi mmoja unaotetema, kuanzia ya nne hadi ya tisa, na ukizipanga sauti hizo kwa utaratibu wa Wagogo, nne na tano zinajipanga zenyewe. Dkt. Kedmon Mapana, aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuliongoza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza muziki huu kwa watu waliofundishwa kuudharau. Na kabla yao wote yupo Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doluma hapahapa Dodoma, aliyeondoka na ala zake, ilimba na zeze, hadi Dar es Salaam, Bagamoyo, kisha majukwaa ya Ulaya. Lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake *Chibite* mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo mwisho wa mwaka 2003. Mwaka 2024 lebo hiyohiyo ikatoa *Maisha*, ya Pendo na Leah wa ukoo wa Zawose, wanawake wanaopiga vyombo ambavyo zamani vilikuwa mikononi mwa wanaume. Hakuna aliyewazungushia duara jekundu.

Yule mwalimu alisoma yote, tiki zikawa bluu, akajibu: "Sawa mtumishi. Lakini huo wako si wa Kigogo. Ni wa Kizungu wenye kosa." Grupu zima likacheka, na emoji za machozi zikajaa skrini. Nilichukia siku tatu. Siku ya nne nikakaa kwenye kinanda nikagundua kwamba ana haki. Nilikuwa nimechukua tuni ya tenzi za Kizungu nikaitundikia tano mbili tatu ili niseme ni asili, kama mtu anayevaa suti na kujitanda mgolole juu yake kwa ajili ya picha. Wimbo ule niliuondoa. Sidhani kama kuna mtu wa Makole ambaye angethubutu kuniambia vile uso kwa uso. Hapa mimi ni mwalimu.

Kuna jambo jingine ambalo ugomvi ule ulinifungulia, na bado linanisumbua. Sauti ya saba katika ule mpangilio wa asili, ambayo sisi tungeiita *te* iliyoshuka, iko chini kuliko kitufe chake kwenye kinanda changu, kwa kiasi cha karibu theluthi ya hatua kati ya kitufe kimoja na jirani yake. Mgogo anaiimba bila kufikiri. Ilimba inaipiga, na juu yake inaongeza ule mvumo wa nyuki unaotoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu za ubao wake. Lakini mimi nikiandika *te* kwenye nota, nikapakia na lile faili la sauti ambalo simu hulipiga kwa mlio wa kinanda, mwimbaji wa Mwanza anajifunza *te* ya kitufe. Anaikariri vizuri sana. Nimemfundisha wimbo wa Dodoma usiokuwa na Dodoma.

Kwa hiyo siku hizi naambatanisha rekodi ya watu. Simu naiweka juu ya benchi wakati wa mazoezi ya saa kumi na moja jioni, na ninachorusha kina kikohozi, mlango, mtoto anayeitwa na mama yake katikati ya ubeti. Wenzangu wa grupu wanasema ubora wa sauti ni mbovu. Ni mbovu kweli.

Mtu ataniuliza kwa nini tusiimbe pamoja moja kwa moja mtandaoni, kila mmoja kwao. Tulijaribu usiku mmoja, watu sita, na ilikuwa vurugu ya kuchekesha. Hewani sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo besi aliye mita kumi kutoka kwangu namsikia akiwa amechelewa sehemu tatu kati ya mia za sekunde, na sikio linamsamehe. Kwenye simu anachelewa hata robo sekunde, mimi namsubiri, yeye ananisubiri, na wimbo unazidi kupungua mwendo hadi unasimama kama bajaji iliyoishiwa mafuta. Mmarekani Eric Whitacre alilikwepa tatizo hilo mwaka 2010: waimbaji 185 kutoka nchi 12 walijirekodi kila mtu peke yake, wakifuata picha ya mkono wake, kisha sauti zikashonwa pamoja. Matokeo yake yanapendeza sana. Ila hakuna mwimbaji pale aliyemsikia jirani yake akivuta pumzi.

Turudi kwenye usiku ule wa Bukavu. Nilimwandikia yule ndugu, bado nina kinyongo, nikamuuliza hiyo nota ya pili wameitoa wapi, maana kwenye karatasi haipo.

"Hatukuitoa kwa karatasi," akajibu. "Tumefuata mama mumoja kwenye rekodi yenu. Sauti ya pili. Sikiliza."

Nikachomeka spika za masikioni. Rekodi ilikuwa yangu, nimeisikiliza labda mara thelathini, kila mara nikiwasikiliza sauti ya kwanza kwa sababu wao ndio wenye tuni yangu. Safari hii niliwazima akilini nikashuka ghorofa ya chini. *Tumelima*, wote pamoja. Kisha, wakati wenzake wanaruka kwenda *chi*, yupo mmoja aliyebaki nyuma puani, *nnn*, mvumo mpana wa nyuki, nota tano chini ya tuni yangu, akaushikilia pigo zima, ndipo akafungua *chi* taratibu na kuwakuta wenzake mbele kwenye *kavu*. Nilirudisha nyuma mara saba. Sauti ile ya puani ilikuwa ni ya ilimba.

Namjua. Anakaa mstari wa nyuma, karibu na dirisha, ana miaka sabini na kitu. Nota hasomi. Simu yake ni ya vitufe. Kila karatasi ninayompa huikunja mara nne akaitia kwenye kitenge, nami siku zote nilidhani anafuata wenzake.

Jumatano niliwahi mazoezi. Alikuwa amefika kabla yangu, kama kawaida, ameketi kwenye ngazi anachambua mlenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo.

Nikaketi pembeni yake, nikamweleza kwamba kuna watu Kongo wanaimba wimbo wetu, tena wanaimba kama yeye. Hakushangaa sana. Aliuliza kama Kongo nako wanalima uwele, nikasema sijui. Asubuhi ile ndugu wa Bukavu alikuwa amenitumia voisi ya kwaya yao, watu kama arobaini kwa kusikia, na gitaa. Nikamwekea simu sikioni. Aliishika kwa mikono miwili, majani ya mlenda yakiwa bado vidoleni, akafumba macho. Nikasikia kwa mbali *nnn* ya watu arobaini ikipita kwenye kaspika kale kadogo, pana na nzito, matundu ya pua za Bukavu yote yamefunguliwa kwa sauti ya mwanamke mmoja wa Dodoma.

Ikaisha. Akasikiliza tena, mara ya pili, safari hii mguu wake ukipiga ngazi.

"Wanaimba vizuri," akasema, akinirudishia simu. "Ila wanachelewa kuingia."

Kisha akarudi kwenye mlenda wake, nami nikaingia ndani kurekebisha nota kwa kalamu, kwenye karatasi zote thelathini na mbili.